Betri ya lithiamu au betri kavu kwenye Hiace ya kulala porini, ipi gharama nafuu kweli?

Kaka_wa_Nkuhungu

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kwa waliowahi kufunga umeme wa pili kwenye gari. Nina Hiace ya dizeli, ile ndefu ya paa la juu, nimetoa siti za nyuma nimetengeneza kitanda, kabati na kona ya jiko la gesi, ni kwa ajili ya kutembea na familia. Mwisho wa mwezi huwa tunaenda Mtera, mara nyingine Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, na mwaka huu nataka tufike Ruaha tulale ndani ya hifadhi siku tatu nne hivi.

Sasa kilichonikwamisha ni betri. Nimeshanunua friji ya kompresa ya volti 12 ya lita 45, nina feni ndogo, taa za LED, pampu ya maji ya sinki, na kuchaji simu na laptop ya wife. Juu ya paa nimefunga paneli ya wati 200. Na friji sio ya soda jamani, tunasafiri na mama yangu na anatumia insulini, friji ikizima saa nane usiku porini hilo sio jambo la kuchekea, halafu kuna samaki wa Mtera ambao mama hawezi kurudi bila kuwabeba.

Nimeulizia bei. Betri kavu ya jeli ya 100Ah (ampea-saa 100) nimeambiwa laki nne na nusu, lithiamu ya 100Ah milioni moja na laki mbili na nusu. Yaani bei ya moja nanunua jeli mbili na chenji inabaki. Fundi wangu anasema lithiamu ni kupoteza hela na kwamba inalipuka, jamaa yangu wa Dar anasema nikiweka jeli nitajuta. Mimi nataka mtu anipigie hesabu, sio ushabiki. Inveta sina mpango nayo, kila kitu ni cha volti 12.

Dada_Makole

Kaka, swali zuri na umelileta na vipimo, tuanze na matumizi yako maana bei bila matumizi haikuambii kitu.

Friji yako ikizunguka inakula kama wati 45, ila haizunguki muda wote. Kwa joto la Mtera au Ruaha mimi naihesabia nusu ya siku, 45 mara saa 12 unapata wati-saa 540. Feni wati 20 usiku mzima saa nane, 160. Taa wati 10 saa tano, 50. Simu, laptop na pampu weka 110. Jumla kama 860 kwa siku, ambayo kwa betri ya volti 12 ni karibu 72Ah.

Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa. Betri ya jeli ya 100Ah haimaanishi una 100Ah za kutumia. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaimaliza, kwa hiyo za kutumia kwa usalama ni 50. Wewe unahitaji 72, manake moja haikutoshi, zinatakiwa mbili, laki tisa. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 unaweza kutumia 80 hata 90 katika zile 100 bila kuiumiza, moja inakutosha. Kwa hiyo usilinganishe laki nne na nusu na milioni na robo, linganisha laki tisa na milioni na robo. Tofauti ya kweli ni laki tatu na nusu.

Tukienda kwenye umri, jeli ukiishusha hadi nusu kila mara, mategemeo ya kawaida ni kuchaji na kutumia kama mara 500, zipo zinazofika zaidi zikitunzwa vizuri. LiFePO4 mara 2,000 ni kiwango cha chini, wengi wanaandika 3,000 na kuendelea. Chukua 500 na 3,000. Jeli mbili zinakupa unit 1.2 (unit ni wati-saa 1,000) kwa kila mzunguko, mara 500 ni unit 600, gawanya laki tisa unapata shilingi 1,500 kwa unit. Lithiamu ukiitumia asilimia 80 inakupa unit 1 na kidogo, mara 3,000 ni unit zaidi ya 3,000, inakuja kama shilingi 400 kwa unit. Unit ya LUKU ya kawaida ni 356, kwa hiyo unaona lithiamu imesogea jirani kabisa na umeme wa TANESCO na jeli iko mbali sana.

Halafu uzito. Jeli au AGM (aina nyingine ya betri kavu) ya 100Ah ni karibu kilo 30, mbili ni 60. Lithiamu ni kilo 11 hadi 13. Kwenye Hiace iliyokwisha jaa kabati, matenki ya maji na watu, kilo 45 ni kitu.

Alizeti_Singida

Dada Makole hesabu yako iko sawa kwa mtu anayetumia betri kila siku, kama mwenye duka asiye na umeme. Ila ndugu yetu anatoka mwisho wa mwezi. Tuseme analala nje usiku 40 au 50 kwa mwaka, kuchaji mara 500 ni miaka kumi, na hiyo lithiamu ya mara 3,000 ataiachia wajukuu. Sasa kwa nini alipie leo mara 3,000 ambazo hatazitumia? Ile shilingi 400 kwa unit haipo kwake, ipo kwenye karatasi.

Mimi nina Noah nimefunga betri kavu moja ya AGM na rilei ya kutenganisha, gari ikiwaka altaneta inachaji zote mbili, ikizima zinaachana. Rilei ni bei ndogo tu na fundi yeyote wa mtaani anaifahamu. Sina friji, natumia boksi la barafu, nabeba chupa za maji zilizoganda kutoka nyumbani, zinanifikisha siku mbili. Nimetumia hela kidogo sana na nimelala Swagaswaga na Manyoni huko bila shida yoyote.

Na kitu kingine hakisemwi, betri ya risasi (jeli na AGM zote ni za risasi) ikifa ina bei. Wanunuzi wa chakavu wanapima kwa kilo wanakupa hela yako. Lithiamu iliyokufa utampelekea nani hapa kanda ya kati? (Ila jamani mpeni mnunuzi nzima kama ilivyo, msimwage asidi wala kuyeyusha risasi nyumbani penye watoto, ile sumu inaingia kwenye damu na akili ya mtoto hairudi.)

Fundi_Kizota

Nafunga umeme wa magari na sola hapa Dodoma, ngoja niseme ninavyoona kwenye kazi.

Alizeti amesema kweli kwamba mtu wa mwisho wa mwezi hamalizi zile mara 500. Lakini mkuu, betri za jeli na AGM ninazozitoa kwenye magari ya namna hii hazifi kwa kutumika sana. Zinakufa kwa kukaa. Mtu anarudi safari Jumapili jioni, betri iko nusu, anapaki, anaenda kazini mwezi mzima. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa pleti zinaota sulfeti nyeupe, ile ikishakuwa ngumu haiondoki, ukiichaji inaonyesha imejaa haraka haraka halafu friji ikiwaka nusu saa volti zinaporomoka. Na joto linaongeza. Kanuni wanayoitumia watengenezaji ni kwamba kila nyuzi kumi juu ya 25 umri wa betri ya risasi unapungua karibu nusu, sasa gari imefungwa vioo juani hapa Dodoma mwezi wa kumi na moja, ndani ni zaidi ya 50 bila ubishi. Betri iliyoandikwa miaka sita nane naipokea ndani ya miaka mitatu minne imekwisha.

LiFePO4 tabia yake ni nyingine. Yenyewe haitaki kukaa imejaa, ukiiacha na chaji nusu kwa mwezi mzima ndio imetulia. Joto nayo hailipendi, ile BMS ya ndani (saketi inayoilinda betri) itakata kuchaji ikifika kama nyuzi 55 au 60, kwa hiyo usiiweke kwenye chumba cha injini hata siku moja, iweke chini ya kitanda upande wa mbali na ekzosi.

Kwa hiyo kabla sijakushauri ununue ipi, nijibu swali moja: siku za kazi hiyo Hiace unaipaki wapi? Juani paneli ikachaji, au kivulini?

Kaka_wa_Nkuhungu

Fundi asante sana, hilo sikulifikiria kabisa. Naipaki nyumbani chini ya mwarobaini, mti mkubwa, kivuli kutwa nzima, na nimefanya hivyo makusudi kwa ajili ya rangi na dashibodi. Paneli inapata jua la kuchungulia tu asubuhi.

Alizeti nashukuru kaka, boksi la barafu nimewahi kulitumia ni zuri ila kwa dawa ya mama siku ya tatu Ruaha siwezi kubahatisha.

Fundi_Kizota

Basi jibu lako liko kwenye huo mwarobaini.

Ingekuwa unapaki juani ningekwambia nunua jeli mbili na hela inayobaki weka mafuta, paneli ingezijaza kila siku na zingekaa miaka. Chini ya mti zitakaa na njaa wiki tatu kila mwezi. Ungeweza kuweka chaja ya ukutani uzichomeke kila ukirudi, inawezekana, ila iwe chaja ya hatua tatu, na uziache usiku kucha na asubuhi, kwa sababu betri ya risasi asilimia 80 za kwanza inapokea haraka, zile 20 za mwisho inakunywa taratibu kwa masaa. Watu wanachomoa mapema. Kama wewe ni mtu wa nidhamu hiyo, jeli bado ni chaguo halali kabisa na mtu asikutishe.

Hizo 20 za mwisho ndizo zinawaumiza watu hata safarini. Dodoma mpaka Mtera ni mwendo wa masaa machache, altaneta inakufikisha 80 hivi, hujawahi kujaza, unakaa unaishusha tena. Lithiamu inapokea kwa kasi ileile karibu mpaka mwisho, na katika umeme unaoingiza inakurudishia zaidi ya asilimia 95, wakati ya risasi inakurudishia kama 80 au 85. Kwa paneli moja ya wati 200 hiyo tofauti unaiona.

Sasa gharama ambayo Dada Makole hakuigusa. Lithiamu huwezi kuiunga kwenye altaneta kwa rilei ya kawaida ukaenda zako. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, inavuta ampea zote altaneta ilizonazo, na gari ikiwa sailensa, yaani imewaka imesimama tu, feni ya altaneta inazunguka pole pole, inachemka, waya za ndani zinaungua. Unahitaji chaja ya DC kwa DC, inayopokea umeme wa altaneta na kuipa betri kwa kipimo, ya ampea 30 inakutosha, uliza bei, sokoni naiona kati ya laki tatu na nusu na nne kutegemea aina. Ukiongeza hiyo, lithiamu yako ni milioni na laki sita na kitu dhidi ya laki tisa na nusu za jeli na rilei. Hiyo ndiyo bei ya mlinganisho.

Alizeti_Singida

Hapo sasa fundi umesema. Laki saba za tofauti ni hela, watu wasiipite kama vile ni nauli ya bodaboda.

Dada_Makole

Ni kweli chaja ya DC niliiacha nje, na inabadilisha picha ya leo. Ila tazama miaka kumi. Kwa maelezo ya fundi jeli zinazokaa kivulini zinaenda miaka mitatu minne, ndani ya miaka kumi atanunua seti tatu, ni milioni mbili na laki saba hata bei isipopanda. Lithiamu moja ikitunzwa inafika huko. Na chaja ya DC haifi pamoja na betri.

Pia sio lazima anunue vyote siku moja. Paneli ya wati 200 kwa jua la kiangazi hapa kwetu, ukihesabu saa tano za jua kamili na upotevu, inampa kama wati-saa 750 kwa siku. Matumizi 860. Anapungukiwa 110 kwa siku, na ameanza safari na betri iliyojaa yenye 1,000 za kutumia, siku nne anatoka salama. Sharti apaki juani. Kama mama anahitaji kivuli, na anahitaji, basi achukue paneli nyingine ya kukunja yenye waya mrefu, gari inakaa chini ya mti na paneli inakaa juani. Chaja ya DC inunuliwe baadaye.

Muuguzi_Bahi

Nachomekea la dawa kwa sababu ni muhimu kuliko betri. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda hata mara moja inatupwa, hata kama ikiyeyuka inaonekana nzuri. Hizi friji za kompresa zinagandisha kweli kweli zikiwekwa vibaya, kwa hiyo seti nyuzi 5, weka kipimajoto kidogo ndani, na kisanduku cha dawa kikae juu kwenye kikapu mbali na ukuta wa baridi, samaki wakae chini. Ile chupa anayotumia sasa hivi inaweza kukaa nje ya friji wiki kadhaa kama sehemu ni baridi na kivuli, mwulizeni anayemtibu kiwango cha aina yake. Usiache kwenye dashibodi kabisa.

Kaka_wa_Nkuhungu

Muuguzi Mungu akubariki, mama nimemsomea hapa hapa. Na suala la kulipuka je? Maana tutalala juu ya hiyo betri.

Roli_Kibaigwa

Kulipuka na kuungua unakosikia ni zaidi lithiamu za aina ya simu, skuta na baiskeli za umeme, kemia tofauti. LiFePO4 ni tulivu zaidi, ikichomwa au ikizidishwa chaji haiwaki kirahisi kama zile. Sio kwamba haiwezi kabisa, ila weka fyuzi na usinunue takataka. Na mkumbushe fundi wako kwamba betri ya maji inapochajiwa inatoa haidrojeni, ile ndiyo hutakiwi kulala nayo chumba kimoja bila tundu la hewa. Ya jeli inatoa kidogo sana lakini nayo ipate hewa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni feki. Kuna betri zinauzwa zimeandikwa 100Ah ndani mna seli kuukuu zimeungwaungwa. Mimi niliuziwa moja dukani, sitaji duka, nje inang'aa, ilikuwa haifiki hata nusu. Ukienda kununua beba mzani wa kupimia mahindi. LiFePO4 ya 100Ah yenye kilo saba jiulize kilichomo. Halafu kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba unaijaribu. Jaza betri, chukua taa mbili za mbele za gari za halojeni za wati 55, ziunge kwa pamoja, washa, andika saa. Mbili zinavuta karibu ampea 10. Kama ni 100 kweli inakaribia saa kumi kabla BMS haijakata. Ikizima saa ya tano rudisha siku hiyo hiyo. Taa zinapata moto sana, usiziweke juu ya meza ya plastiki.

Na usipime lithiamu kwa volti kama tulivyozoea. Ya risasi ikitulia 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, inasomeka. Lithiamu inakaa 13 na kitu karibu muda wote halafu inadondoka ghafla. Nunua mita yenye shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, vinginevyo hutajua mpaka friji izime.

Fundi_Kizota

Roli kamaliza. Naongeza tu kwenye kontrola ya sola, angalia kama ina chaguo la lithiamu, au uweze kuweka mwenyewe volti 14.2 hadi 14.4. Ile kazi ya kusawazisha betri za maji inayopanda 15 izime kabisa. Kontrola za bei rahisi zisizobadilishika zitakusumbua.

Kaka_wa_Nkuhungu

Wakuu nimekaa na wife tumepiga hesabu upya usiku huu. Tunachukua lithiamu moja ya 100Ah, tutaifuata wenyewe Dar, na mzani nabeba. Kontrola yangu nimeiangalia ina chaguo la lithiamu. Paneli ya kukunja nanunua pamoja na betri, chaja ya DC tunaisukuma mpaka kabla ya Ruaha, Mtera tutaenda na sola tu kwanza. Kilichoniamua ni kwamba mwarobaini siukati na najijua, kuchomeka chaja kila Jumapili usiku nikiwa nimechoka nitafanya miezi miwili niache. Na umeme ukikatika nyumbani nitavuta waya mpaka ndani, friji ya gari ihifadhi dawa, hilo kwa jeli nisingethubutu kila siku.

Fundi, swali la mwisho. Kutoka betri ya kuwashia mbele mpaka chini ya kitanda ni kama mita sita nikipitisha chini ya zulia. Waya gani kwa chaja ya ampea 30? Nataka niupitishe sasa hivi kabla sijafunga sakafu.

Fundi_Kizota

Milimita 16 za mraba, ya shaba tupu yenye nyuzi nyingi laini, sio ya aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, kwaruza ncha kwa kisu uone ndani. Kwa mita sita kwenda na sita kurudi ikibeba ampea 30 unapoteza kama volti 0.4, chaja ya DC inaifidia. Bodi ya gari unaweza kuitumia kama hasi lakini kwa Hiace iliyopita kwenye vumbi na maji mimi napitisha waya wa pili kabisa. Uvike mpira wa kinga pale unapotoboa bodi, barabara ya kwenda Msembe, kule Ruaha, kutoka Iringa inatikisa kiasi kwamba bati linakata waya. Fyuzi ya ampea 60 ziwe mbili, moja jirani na betri ya mbele na nyingine jirani na lithiamu, kwa sababu huo waya una betri pande zote mbili. Vichwa vya betri kaza, safiri siku ya kwanza, kaza tena.